Somo la Vikundi: Nyumba ya Bei Nafuu ni Ipi?



Katika mikutano ya vikundi hapa Elburgon na vijiji vya karibu, neno nyumba linarudi kila mara. Vikundi vilivyoanza na mzunguko wa sufuria na blanketi, vikaenda kwa kuku na kondoo, sasa vinauliza: je, hatuwezi kujengana? Swali ni zuri na ndilo somo letu la leo. Lakini kabla hatujafika kwa fundi na misumari, tuulize kwanza swali lililo nyuma yake. Nyumba ya bei nafuu ni ile iliyojengwa kwa pesa kidogo, au ni ile inayokaliwa kwa pesa kidogo?

Tuchukue mfano tunaoujua sote: nyumba ya mabanzi, yaani yale maganda ya gogo yanayobaki mashine ikishapasua mbao. Chumba kimoja au viwili, mabati juu bila dari, sakafu ya udongo. Elburgon ni mji wa mbao tangu zamani. Reli ilipita hapa, mashine za mbao zikafuata, na mtu asiye na kitu alijenga kwa kile ambacho mashine ilitupa. Siku mbili tatu nyumba imesimama. Ukiuliza mtu yeyote sokoni atakuambia hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

Haya, hesabu iendelee. Sisi tuko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa mwezi wa saba baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Mabanzi yakikauka yanaachana, na upepo unapita katikati kama mwenye nyumba. Mabati hayazuii kitu: joto la watu na la jiko linapanda juu na kutoka. Basi mama anawasha jiko la makaa nje, likishika vizuri analiingiza ndani, na linakaa pale mpaka watoto walale. Kesho hivyo hivyo.

Tunaomba kila mwanakikundi aandike pesa za makaa za wiki moja ya baridi. Si makaa ya kupikia, ni yale ya kupasha nyumba joto tu. Azidishe kwa wiki za msimu wa baridi, kisha kwa miaka 10. Jumla hiyo aiweke kando ya bei ya mabanzi aliyonunua. Hiyo ndiyo bei kamili ya nyumba yake, na hatujaongeza dawa ya kifua ya watoto.

Tena kuna jambo ambalo hatutaki kulipita haraka. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi wa kuni. Watu husema, "Makaa yameshika, hayana moshi, hayadhuru." Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua watu wakiwa usingizini. Anayeanza kuumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu karibu na jiko atoke nje mara moja, na wengine watolewe. Na jiko lisilale ndani na watu, hata usiku mmoja, hata kama mlango una nyufa. Tukijenga nyumba isiyohitaji jiko la kulalia, tumeokoa pesa na tumeokoa watu.

Jambo lingine ni msitu. Mau iko mlangoni petu na maji tunayokunywa yanatoka huko. Ripoti ya jopo la serikali ya mwaka 2009 ilieleza kwamba zaidi ya hekta 100,000 za Mau zilikuwa zimepotea. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwaka 1999, marufuku iliyokaa zaidi ya miaka 10. Ikarudi tena Februari 2018. Julai 2023 Rais alitangaza hapa karibu, Molo, kwamba imeondolewa, na mara kesi zikaenda mahakamani. Hatuingii katika siasa ya jambo hili. Tunachosema ni hiki: fukara aliyetegemea mabanzi ameona bei ikipanda na kushuka kwa amri zinazotolewa mbali naye. Kikundi chenye njia zaidi ya moja ya kujenga hakitikiswi sana na amri hizo. Na kila gunia la makaa ni mti uliokatwa mahali fulani.

Mtatuuliza, na zile nyumba nafuu za serikali? Sheria ya mwaka 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi kile kile, ili nyumba zijengwe. Mwenye nafasi ya kuomba na aombe. Lakini nyingi ya nyumba hizo ni ghorofa za mjini, zinazolipiwa kila mwezi. Mwanakikundi anayeishi kwa kibarua cha kuvuna viazi, mwezi huu kipo, mwezi ujao hakipo, huyo tusimwambie asubiri ghorofa. Tuanze na pale anapolala sasa.

Kwanza ardhi. Hapa tunasema wazi: usijenge ukuta wa kudumu kwenye ardhi ambayo huna karatasi yake. Sehemu zetu zina kumbukumbu mbaya. Nyumba zilichomwa katika machafuko ya mwaka 1992, zikachomwa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2008 serikali iliwapa waliochomewa nyumba shilingi 25,000 za kujenga upya, na wengi wenu mnajua pesa hizo zilifika wapi ukishanunua mabati. Wengine wamefurushwa msituni zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mtu aliyekodi ardhi, au anayekaa karibu na reli, barabara au msitu, nyumba yake iwe ya mbao inayofunguka: kuta zifungwe kwa fremu na bolti, si kupigiliwa misumari ovyo, ili siku ya kuhama aibebe kwa lori. Nyumba ya mbao si nyumba ya aibu. Ubaya wake ni nyufa na paa tupu, na hayo yanarekebishika, kama tutakavyoona.

Mwenye karatasi yake anaweza kufikiria matofali ya udongo ya kushindiliwa. Haya hayachomwi. Udongo huchanganywa na simiti kidogo na maji kidogo sana, ukabanwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali likakauka polepole kivulini. Mashine ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa Bogotá, Colombia, miaka ya 1950, kwa ajili ya watu maskini wa vijijini. Siku hizi mashine za mkono zinatengenezwa hapa Kenya, na tofali lina meno yanayoshikana, hivyo simiti ya kuunganishia ni kidogo. Tofali la kuchoma linakula kuni nyingi kabla halijafika ukutani. Hili la kushindiliwa halili hata kijiti.

Lakini udongo wa kila shamba una tabia yake. Ule mweusi wa juu, wenye majani na mizizi, haufai kabisa. Uacheni kwa viazi. Chimbeni mpaka mfike ule mwekundu wa chini, kisha mupime. Tengenezeni sanduku la mbao lenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Lipakeni mafuta, jazeni udongo uliolowa, sindilieni pembe zote, lianikeni kivulini siku 7. Udongo utanywea. Usukumeni wote upande mmoja, mupime pengo lililobaki. Pengo lisipofika milimita 15, karai moja ya simiti inachanganywa na karai 18 za udongo. Kati ya 15 na 30, ni 1 kwa 16. Kati ya 30 na 45, ni 1 kwa 14. Kati ya 45 na 60, ni 1 kwa 12, na hapo simiti inakuwa nyingi, afadhali muongeze mchanga kwenye udongo, mupime upya. Udongo wetu wa milimani una mfinyanzi mwingi, kwa hiyo kikundi kisiruke kipimo hiki. Mbao nne za sanduku ni rahisi kuliko nyumba yenye nyufa.

Je, nyumba moja inakula matofali mangapi? Tufanye hesabu ya vyumba viwili: urefu mita 6, upana 5, ukuta mmoja wa kugawa katikati. Kuzunguka nje ni mita 22, na ule wa katikati 5, jumla 27. Kwa kimo cha mita 2.5 tunapata karibu mita 67 za mraba. Tukiondoa milango miwili na madirisha manne, inabaki kama mita 60. Tofali la urefu wa sentimita 29 na kimo cha 10, matofali 35 yanajaza mita moja ya mraba. Basi ni matofali 2,100. Mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 unatoa kati ya matofali 80 na 100, ikitegemea udongo, kwa hiyo kuta zinataka mifuko kati ya 21 na 27. Kikundi kikitoa matofali 300 kwa siku, kazi ya mashine ni siku 7. Pembe tatu za juu, chini ya paa, zifungeni kwa mbao. Ni nyepesi na zinaokoa matofali.

Siku 7 hizo si mwisho. Tofali likitoka kwenye mashine lipangwe kivulini, lifunikwe kwa nailoni, limwagiliwe maji kwa wiki nzima ya kwanza, kisha liachwe mpaka litimize siku 28 hivi kabla ya kujengea. Hapa ndipo vikundi vinaharibu. Watu wana haraka, jua linawaka, tofali linaonekana gumu kwa nje, fundi anaanza kupanga. Mvua ya Aprili ikija pembe zinamomonyoka, halafu tunasikia, "Matofali ya udongo ni mabaya." Si tofali, ni nailoni iliyokosekana.

Adui mkubwa wa ukuta wa udongo ni maji, na yanakuja kutoka chini na kutoka juu. Chini, jengeni msingi wa mawe uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na juu yake, kabla ya tofali la kwanza, lazeni karatasi nzito ya nailoni ili unyevu usipande. Juu, paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60. Fundi atataka kupunguza ili aokoe mabati. Msikubali. Wazee walisema nyumba ya udongo inataka buti nzuri na kofia pana, na fundi wa kweli anajua hivyo.

Mtu akiwa na pesa kidogo na hajui aanze wapi, maoni yetu ni haya: msingi na paa kwanza, dari ya pili, madirisha ya tatu, sakafu ya simiti baadaye, na plasta ya nje iwe ya mwisho kabisa au isiwepo. Tunaona watu wanaanza na plasta na rangi ya mbele ili nyumba ionekane kutoka barabarani, huku ndani watoto wanalala chini ya mabati matupu. Kwa baridi ya huku, dari ina faida kubwa kuliko rangi zote za dukani.

Tuseme zaidi juu ya dari, maana hii inamfaa kila mtu, mwenye nyumba ya mawe, ya matofali au ya mabanzi, hata mpangaji akielewana na mwenye nyumba. Joto hupanda. Ukiweka kitu kati yako na mabati, hewa iliyotulia hapo katikati inazuia joto lisitoke. Kile kitu si lazima kiwe mbao za bei. Magunia yaliyofuliwa, yakashonwa pamoja, yakavutwa kwenye fito na kupakwa chokaa, yanafanya kazi. Mbao nyembamba za masanduku zinafanya kazi. Machujo ya mbao, ambayo hapa yamejaa nyuma ya kila mashine, yanaweza kutandazwa juu ya dari ya mbao, yakiwa makavu na yamechanganywa na chokaa kidogo, unene wa sentimita 5 tu. Chumba cha mita 30 za mraba kitabeba kilo mia kadhaa za machujo, kwa hiyo fito za dari ziwe imara. Na tunaonya: kama nyaya za stima au bomba la moshi linapita darini, machujo yasiwekwe. Moto wa machujo hauwaki kwa kelele, unatambaa usiku kucha. Vilevile, msipikie chini ya dari ya gunia. Jiko liwe kwenye chumba chake, na moto wa kuni uwe na bomba la kutoa moshi nje.

Mwenye nyumba ya mabanzi aanze na nyufa. Vipande vyembamba vya mbao vipigiliwe juu ya kila ufa kwa nje. Kwa ndani, pigilieni fito na kukandika udongo uliochanganywa na nyasi kavu zilizokatwa, au samadi, kama mama zetu walivyokandika. Ukuta huo mzito unapata joto mchana na kulirudisha usiku. Tena, udongo huo unachelewesha moto kupita kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na pale ambapo nyumba za mabanzi zimeshikana mstari mmoja, mtaa mzima unaweza kuungua kwa mshumaa mmoja. Anayejenga upya aache nafasi na jirani.

Madirisha tusiyaogope kwa sababu ya baridi. Nyumba isiyo na dirisha ni giza, unyevu na kikohozi. Dirisha la kioo upande wa mashariki linaingiza jua la asubuhi pale chumba kilipopoa zaidi, na la magharibi linaweka joto la jioni. Upande ambao mvua yenye upepo hupigia, na kila mtu anaujua kwake, madirisha yawe madogo. Na juu ya dirisha kuwe na tundu la hewa lenye wavu. Msilizibe kwa matambara.

Maji hayahitaji maneno mengi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la ile nyumba yetu ya mfano, pamoja na mabati yaliyotokeza, ni kama mita 45. Sisi tunapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, basi hata tukipoteza sehemu ya tano, paa hilo linatoa lita 36,000 kwa mwaka. Familia inayotumia lita 60 kwa siku inahitaji lita 3,600 kuvuka miezi miwili ya ukame. Kikundi kinachonunua tangi moja moja kwa mzunguko kianze na mwenye mgonjwa au mzee nyumbani, si na mwenyekiti.

Kuhusu kujengana kwenyewe, kikundi kiwe kimeandikishwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, ofisi ya maendeleo ya jamii itawaelekeza. Mashine ya matofali si lazima mnunue. Ulizeni bei ya kukodi, na ulizeni ofisi ya nyumba ya kaunti kule Nakuru kama kuna ya kuazima na mtu wa kuwafundisha. Muungano wa vyama vya ushirika vya nyumba, NACHU, ulioanzishwa mwaka 1979, unasaidia vikundi vilivyojiunga kama ushirika. Kabla ya kugusa udongo, andikeni mkataba mfupi: nani anafuata nani, kila mmoja anatoa siku ngapi za kazi, na mtu akishajengewa kisha akaacha kuja, itakuwaje. Hilo la mwisho ndilo limevunja vikundi vingi. Mama mmoja alituambia kikundi chao kilikubaliana kwamba anayejengewa hapewi mlango mpaka amalize siku zake kwa wenzake. Nyumba yake inakaa na pazia. Tulicheka, lakini nyumba zote zao zimekwisha.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

Kila mmoja alete hesabu yake ya makaa ya wiki moja. Kwa jumla ya kikundi kizima kwa msimu mmoja wa baridi, tungeweza kuweka dari katika nyumba ngapi?

Ni nani kati yetu anayelala na jiko ndani sasa hivi, na nyumba yake inaweza kuzibwa nyufa lini? Tajeni tarehe.

Ni wangapi wana karatasi ya ardhi, na wasio nayo tuwajengee kwa njia gani?

Sanduku la kupimia udongo litatengenezwa na nani, na udongo utachimbwa kwa nani kwanza? Mkipata vipimo, leteni karatasi ofisini kwetu ili tuchapishe za kila kijiji katika toleo lijalo.